Mrututu Bondeni Marambo

Shamba la viazi likianza kuugua, harufu hutangulia. Ni harufu ya majani yaliyooza ndani ya maji yaliyotuama, yenye uchachu kidogo, na ukishaisikia mara moja huisahau tena. Mimi niliisikia nikiwa msichana wa darasa la nne, asubuhi ya kipupwe, katika bonde letu kule Marambo, wilayani Nachingwea. Haikutoka kwetu. Ilitoka kwa jirani yetu aliyelima nyanya upande wa juu wa kijito, ikaja na upepo hadi tulipokuwa tukipalilia. Mama alisimama, jembe likiwa hewani, akavuta pumzi. Kisha akatembea mpaka kwenye nyanya zile, akageuza jani moja, akaliona doa jeusi lenye unga mweupe kwa chini. Akarudi. Aliniangalia tu, nami nikaanza kuogopa bila kujua ninachokiogopa.

Lazima nieleze jinsi viazi mviringo vilivyofika kwenye nchi ya mikorosho na ufuta. Mama alizaliwa Njombe, kwenye baridi. Baba, Mmwera wa hapa hapa, alikwenda huko ujanani kutafuta kazi ya kupasua mbao, akarudi na mke. Miaka yote mama alilima alichoambiwa alime. Mwaka ule aliomba bonde, kipande chenye unyevu ambacho bibi, mama yake baba, alikuwa akipanda mpunga. Bibi alikataa. Baba akasihi, na hatimaye bibi akasema mbele yetu sote, "Haya, alime. Lakini viazi vyake vikifa, bonde langu linarudi kwangu, na habari za Njombe nisizisikie tena humu ndani." Baadaye baba akaondoka na mashine yake kwenda Narung'ombe, upande wa Ruangwa, kupuliza salfa kwenye mikorosho ya watu, kama afanyavyo kila kipupwe. Tukabaki wanawake watatu na shamba moja lililokuwa kama kesi.

Watu huliita ukungu gonjwa lile linaloshika nyanya na viazi sawasawa, na kwa kweli hufuatana na ukungu wenyewe, ule unaolala bondeni asubuhi mpaka jua linapokuwa kali. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa viazi hata huo ukuta hupati nafasi ya kuujenga, maana jani likishaugua haliponi. Dawa ni kulikinga lingali zima. Mama alikuwa ameficha uvunguni mfuko wa mrututu, ile chumvi ya buluu iliyoiva kama rangi ya shanga, na chokaa ndani ya gunia. Aliyeyusha mrututu kwenye ndoo ya plastiki, akakoroga chokaa kwenye ndoo nyingine, akavimimina pamoja taratibu huku mimi nikikoroga kwa mti. Yakatoka maji mazito yenye rangi ya mbingu. Alichovya kisu, akakitazama. Kilikuwa kimeshika wekundu. "Bado kali, itaunguza majani," alisema, akaongeza chokaa, akachovya tena mpaka kisu kikatoka cheupe. Alichuja kwa kitambaa, akajaza bomba la zamani la baba, ambalo mpira wake ulikuwa umefungwa kwa kipande cha tairi la baiskeli, akalibeba mgongoni.

Alipulizia kwa haraka iliyonitisha. Mkono mmoja ulipampu, mwingine ulipeleka mrija chini ya majani na juu yake. Mawingu yalikuwa yakishuka upande wa Nambambo. Mimi nilimfuata na ndoo, nikiomba mvua isije ikaosha kila kitu. Tulikuwa tumefika katikati ya shamba pale nilipousikia mlio mdogo, kama mtu anayefyonya. Mpira ulichomoka. Dawa ikaruka moja kwa moja usoni mwa mama.

Sikuwahi kumsikia mama akipiga kelele kabla ya siku ile. "Maji, Rehema! Maji!" Nilimshika mkono, nikamvuta hadi kijitoni, naye akajikwaa, akatambaa, akalaza kichwa ukingoni. Nilimwagia kwa kata. Jicho la kulia lilifunguka. La kushoto lilikuwa jekundu kama nyama, na chokaa imeganda pembeni. "Usiache kumwaga," aliniambia, "hata nikikuambia uache, usiache." Nikawa namwaga na kupiga mayowe ya kumwita bibi, aliyekuwa ng'ambo akivuna mbaazi.

Bibi alivuka kijito na nguo zake zote. Alimfungua mama jicho kwa vidole viwili, akalitazama, uso wake ukabadilika. Alimwita kijana wa jirani, akamwamuru alete baiskeli ampeleke mama zahanati. Mama akagoma kusimama.

"Nusu bado, mama," alimwambia bibi. "Dawa hii ikilala haifai tena. Ukungu unashuka leo."

"Wewe unataka viazi au unataka jicho?"

"Nataka vyote."

"Nenda!" bibi alifoka. "Nenda na huyu kijana. Nenda!"

Baiskeli ilipotokomea, nilidhani bibi angenichukua turudi nyumbani. Kumbe alikata matawi ya mbaazi, akayafunga mafungu mawili, akanipa moja. Alinifunga khanga mpaka puani, akafunga na yeye. "Viazi hivi sivipendi," alisema. "Lakini jicho la mkwe wangu kama limekwenda, halitakwenda bure. Chovya. Ukipiga, geuza kichwa." Tukaenda mstari kwa mstari tukirashia, yeye akiinama kwa shida na kuguna, mimi nikilia na kuchovya. Dawa ilituishia kabla ya matuta ya karibu na maji. Tulisimama pale na ndoo tupu, ukungu ukatufikia miguuni.

Zikafuata siku za kungoja, ambazo hata leo sizitamani. Nyanya za jirani zilinyauka zote. Matuta yetu ya mwisho yaligeuka meusi, harufu ile ikawa yetu pia. Kila asubuhi bibi alishuka bondeni kabla yetu, na kila mara nilitafuta jibu usoni mwake alipokuwa akirudi. Mama alirudi na bandeji jichoni, na neno lake la kwanza mlangoni lilikuwa, "Mlimaliza?" Bibi akamjibu, "Tulifika dawa ilipofika." Na kweli, gonjwa lilisimama pale pale. Tulipochimba, viazi vilitoka safi, vingi kuliko alivyotarajia mtu yeyote. Bibi alikula cha kuchemsha kwa chumvi, akasema hakina ladha, akaomba kingine. Baba aliporudi, bibi alimwambia mbele ya mama, "Bonde ni la mkeo. Mimi nitatafuta pengine pa mpunga."

Siku hizi nalima nyanya zangu karibu na Nachingwea mjini. Dawa nainunua dukani ikiwa kwenye pakiti, miwani ya kupulizia inauzwa kando yake, na binti yangu huivaa akinung'unika joto, nami simruhusu kuivua. Watu wa rika langu hupenda kusema zamani palikuwa pazuri. Mimi hushindwa kuwaitikia, kwa sababu mama hugeuza kichwa chote ndipo akione kikombe kilichowekwa kushoto kwake. Mwaka jana nilimwambia waziwazi kwamba viazi vile havikustahili jicho lake. Aliweka kikombe chini, akanigeukia.

"Jicho lilipotea siku moja," alisema. "Ardhi nimekuwa nayo mpaka leo. Usinihesabie hasara ambayo sikuihesabu mwenyewe."

Sijakubaliana naye. Wala yeye hangoji nikubali. Jumamosi hii ameniita Marambo nikamsaidie kupanda viazi.