Madaftari Saba ya Homa

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, kidato cha nne nimemaliza, na bado nilidanganywa kama mtoto. Niseme ukweli: nami nilidanganya.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, zahanati za watu binafsi ndiyo kwanza zimeruhusiwa. Kariakoo zilifunguliwa kila mtaa, mlango huu mitumba, mlango wa pili daktari. Binti yangu wa miaka minne alikuwa akipandwa na homa, magoti yanavimba, mapele mekundu mgongoni. Kila niendako ni malaria. Nikiuliza mbona kipimo hakikuona kitu, najibiwa, "Vijidudu vimejificha, mama." Anapewa klorokwini, inamwasha mpaka anajikwaruza damu. Siku ya tano homa inashuka yenyewe, wao wanajisifu.

Kila zahanati ilitaka daftari jipya la shule lenye jina la mgonjwa. Ukitoa la kwingine, daktari ananuna: "Si urudi huko huko?" Basi nikawa nayaficha chini ya godoro, nasema ndiyo mara ya kwanza anaumwa. Jirani yangu pale Mchafukoge akanisema uani: "Shoga, wewe umeolewa na zahanati?" Wenzake wakacheka. Mwanangu alikuwa hawezi tena kuchuchumaa chooni.

Siku alipozirai baada ya sindano, nilibeba madaftari yote saba mpaka hospitali kubwa, nikayamwaga mezani kwa daktari mmoja mzee.

"Shikamoo."

"Marahaba. Haya yote ya nani?"

"Ya huyu mmoja."

Akayapanga kwa tarehe, akayasoma. Homa ilikuwa ikirudi kila baada ya wiki tatu, nne. Hakuna ukurasa ulioandikwa vijidudu vimeonekana.

"Hii siyo malaria, binti. Mwili wake unajiunguza wenyewe, bila mdudu. Nimewahi kusoma habari za ugonjwa huu, lakini jina lake hasa silijui, na kipimo sina."

"Kwa hiyo anakufa?"

"Sijui. Nataka nimwone homa inapoanza, kabla hujampa kitu. Hata kidonge cha maumivu usimpe."

Ndivyo nilivyorudi nyumbani kuingojea homa ya mwanangu. Kila asubuhi namgusa shingo. Akiamka mzima, nakasirika, halafu najichukia.

Siku ya ishirini akasema, "Mama, goti."

Alijua vidonge vinakaa wapi, akanionyesha kwa kidole. Nikamnyima, nikambeba mgongoni kwenda hospitali. Njia nzima alikuwa ananiuliza amekosa nini.