Jumuiya ya Mama Ilipokuja Kusikiliza Mashairi

Mama ndiye aliyeivuruga jioni yetu ya mashairi, na alifanya hivyo kwa upendo mtupu.

Tulikuwa watunzi watatu. Mwalimu wa Kiswahili kutoka Mpui, ambaye kwake shairi lisilo na vina ni tangazo la mkutano tu. Mshikaji wangu wa bodaboda, anayetunga akisubiri abiria. Na mimi, binti niliyerudi Sumbawanga na shahada, bila ajira, na maswali mengi kuliko watu walivyopenda. Mwenye duka la vitabu, Muislamu mcheshi kutoka vijiji vya ziwani, alikubali tusogeze meza zake saa za kufunga tusome humo. Duka lenyewe linaishi kwa madaftari na vitabu vya shule. Mashairi yako shelfu ya chini kabisa, jirani na gundi.

Kwa siku kadhaa nililalamika nyumbani kwamba hatakuja mtu. Mama alikuwa akichambua maharage. Yeye ni mwenyekiti wa jumuiya yetu kule Chanji, zile familia chache za Kikatoliki zinazokutana kila wiki kwa mmoja wao kusali na kusoma Injili. Mimi niliacha kwenda, na kanisani pia. Mama hakuuliza kwa nini, nami sikueleza. Tulikuwa tunapishana tu Jumapili asubuhi, yeye na kitenge chake kizuri, mimi na beseni la nguo.

Shairi nililoandaa lilieleza sababu. Nililichagua bila wasiwasi kwa kuwa jioni ile ilikuwa siku ya jumuiya, na Mama hajawahi kukosa jumuiya.

Hakukosa. Aliihamishia dukani.

Waliingia na upepo wa Juni mgongoni, masweta juu ya vitenge, benchi moja la kuazima na chupa kubwa ya chai. Mbele alikuwa mzee aliyewahi kuwa katekista. Nikawasalimia shikamoo mmoja mmoja.

"Ulisema hatakuja mtu," Mama akasema, amefurahi. "Nikawaambia, wiki hii tunasali kwa watunzi."

Mshikaji akaninong'oneza, "Dada, umeleta parokia nzima?"

"Sijaleta mimi."

"Poa tu. Mi napenda nyomi."

Mkobani nilikuwa na shairi jingine, la mavuno ya ulezi, salama kabisa. Nikaliweka juu.

Mwalimu alianza. Alisoma beti zake za upepo unaolaza ulezi shambani, mizani imenyooka, sauti imejaa. Akamaliza, akangoja makofi. Hayakuja. Watu waliinamisha vichwa. Kisha katekista mstaafu akasimama.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina."

"Somo tumelisikia. Sasa kila mmoja aseme neno lililomgusa."

Ndivyo wanavyofanya kila wiki baada ya Injili, na hawakuona sababu ya kubadilisha utaratibu kwa ajili yetu. Mwalimu alinitazama kama mtu aliyepanda basi lisilo lake.

"Mimi limenigusa 'upepo'," akasema mama mmoja. "Upepo umeezua choo changu."

"Upepo pale ni taswira, mama," mwalimu akamweleza kwa upole.

"Taswira ya nani? Bati liko kwa jirani mpaka sasa."

Duka likacheka, na mwalimu naye, baada ya kujaribu kujizuia. Mshikaji aliposoma lake, la abiria asiye na haraka, mzee akaguswa na neno 'breki'. "Vijana, breki!" akasema, wote wakajibu amina. Mwenye duka akanyoosha mkono akiwa kaunta.

"Na mimi mgeni, naruhusiwa kuguswa?"

"Karibu, baba, guswa."

"Limenigusa 'stendi'. Ndipo nilipomwona mke wangu mara ya kwanza. Soma tena hapo."

Mshikaji akasoma tena, na kwa sauti kubwa zaidi.

Nilikaa pale nikijiuliza kama watu hawa wanasikiliza shairi au wanajisikiliza wenyewe. Chuoni ningesema wanajisikiliza wenyewe, ningepata alama nzuri. Lakini chuoni sikumbuki mtu akimwomba mtunzi arudie mstari.

Zamu yangu ikafika. Mama alikuwa benchi la mbele, akimgusa jirani yake kwa kiwiko: "Huyo ndiye wa kwangu." Karatasi ya ulezi ilikuwa juu. Nikaona kuwasomea hiyo watu waliosikiliza namna ile ni sawa na kuwapa wageni kiporo wakati ugali wa moto uko jikoni. Nikaivuta ya chini.

*Jumapili kengele inalia, mimi nafua.*
*Sijamkasirikia mtu.*
*Niliuliza, jibu halikuja,*
*nikaona nisikae bure:*
*sabuni naijua, maji nayajua.*

Nilisoma mpaka mwisho bila kuinua macho. Nilipoyainua, mzee alikuwa amesimama nusu.

"Somo... tumelisikia," akasema, na safari hii hakuonekana kuwa na hakika.

Hakuna aliyeguswa. Mama akainuka, akajifunga kitenge upya.

"Mimi limenigusa 'sabuni'. Hiyo sabuni ni yangu, halafu ikiisha nashangaa."

Walicheka hadi benchi likalia. Mimi pia. Nikadhani tumevuka salama, lakini Mama hakukaa.

"Na limenigusa 'niliuliza'."

"Mwenyekiti, kila mtu neno moja," mzee akamkumbusha.

"Leo mawili. Uliuliza nini, mwanangu? Na ulimuuliza nani? Maana mimi hukuniuliza."

Sikuwa nimejiandaa. Nimezoea kuuliza. Kuulizwa ni habari nyingine.

"Niliuliza," nikasema, "kama Mungu anajua tunachohitaji kabla hatujaomba, kwa nini tunaamka alfajiri na baridi hii kwenda kumweleza."

Mama akanisogelea.

"Hilo tu?"

"Hilo kwanza."

"Hilo mbona hata mimi ninalo. Tangu sijaolewa."

Bibi mmoja akasema kitu kwa Kifipa, wenzake wakaangua kicheko. Mzee akakiri kwamba naye aliwahi kuliuliza, padri mmoja akamjibu, ila jibu lenyewe amelisahau. Wakaanza kubishana, wote kwa pamoja, mwenye duka akiwemo, huku mwalimu akilalamika kwamba hakuna hata mmoja aliyegusia vina.

"Na bado unaenda?" nilimuuliza Mama katikati ya kelele.

"Naenda nalo."

"Hilo si jibu, Mama."

"Nani kasema nimekujibu? Kunywa chai."

Mama na mimi tuliendelea kubishana njia nzima kurudi Chanji, tukipaza sauti kuushinda upepo, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Jumapili iliyofuata sikwenda, naye hakuniita. Aliporudi alinikuta uani. Akavuta stuli, akavua viatu, akasema padri ameongea jambo ambalo yeye hakukubaliana nalo kabisa, na kwamba njia nzima alikuwa anataka kujua mimi nitalionaje.