Lita ya Nne ya Solange
Solange Veilleux hakulinunua jiko langu kwa macho. Aliligonga, akachungulia bomba la moshi, akasema, “Washa.”

“Nimelitengeneza mwenyewe, mama. Pipa zima, karai la chuma cha pua.”

“Nimekusikia, tajiri. Washa.”

Nikajaza maji, nikawasha, tukasimama kwenye theluji saa nzima. Halikuvuja hata tone. Ndipo akataja bei, nusu ya yangu. Mtu aliyeshona suruali kiwandani miaka thelathini, kama yeye, hachoki upesi.

Alikuwa na sababu ya kutaka jiko la nje. Mwaka uliotangulia alichemshia ndani ya nyumba utomvu mtamu wa mepo, miti ya huku kwenye baridi. Lita arobaini za utomvu hutoa lita moja ya shira. Zilizobaki huenda na mvuke. Mvuke wake ulibandua karatasi zote za maua ukutani. Mumewe, Rosaire, tangu zamani aliitaka nafasi ya ile miti mitatu ya mepo uani ajenge banda la mashua. Siku niliyopeleka jiko wakapatana mbele yangu: lita nne za shira kabla miti haijachipua, zichemshwe nje. Zisipofika, msumeno.

Solange akatoboa miti mwezi Machi, akapachika mirija na ndoo. Katikati ya Aprili alikuwa na chupa tatu za lita moja moja, na machipukizi yameanza kuvimba. Miti ikishachipua, shira hunuka. Likabaki karai moja la mwisho la kuchemsha, la lita ya nne.

Siku hiyo nilikuwa juu ya ngazi nakaza bomba la moshi. Solange alikuwa amening'iniza kwa uzi, juu kidogo ya karai, kipande cha mafuta ya nguruwe, kama tufanyavyo sote huku Beauce: povu likipanda na kuyagusa, hushuka. Akaingia ndani kuchukua kitambaa cha kuchujia. Rosaire akatoka na sahani yake ya maharage.

Mara nikasikia moto unafoka. Hadi nateremka, povu limemwagika lote. Karaini kimebaki kikombe kimoja, tena kimeungua.

Solange akatoka mbio. “Mafuta yangu yako wapi?”

“Yalikuwa yananing'inia tu,” Rosaire akasema, anafuta mdomo. “Yameiva.”

“Umeyala? Mzee mzima! Na uzi huo utaumaliza lini?”

Rosaire akautoa uzi mdomoni. “Lakini lita nne hazijafika. Mapatano ni mapatano. Shahidi huyu hapa.”

“Sawa. Lita ya nne umeimwaga wewe. Nilipe. Shira ya miti hii hii, si ya dukani. Mpaka unilipe, msumeno haugusi kitu.”

“Nitaitoa wapi? Miti inachipua!”

“Basi ngoja mwakani. Na ndoo utabeba wewe.”

Rosaire akanigeukia. Nimefanya biashara miaka ishirini na sita. Uso wa mtu aliyeshindwa naujua.

“Hapo hakuna kupatana bei, bwana,” nikamwambia. “Ila ninalo turubai la kufunika mashua.”

Alilinunua jioni ile ile. Hakuomba hata punguzo.