Mama Kaipeleka Galaksi Yangu Mnadani

Jamani, leo galaksi yangu imepigwa mnada kanisani hapa Igurwa.

Ilikuwa sikukuu ya mavuno. Watu wameleta mikungu ya ndizi, buni, kuku, vyote vinadiwe kwa ajili ya kanisa. Mimi sina shamba, kazi yangu ni kuchunguza galaksi kwa picha za eksirei, kwa hiyo nilijua nitaimba tu.

Kumbe Mama kaitoa picha moja kwenye begi langu!

"Haya ndiyo mavuno ya mwanangu," akasema mbele ya usharika mzima.

Mzee wa kanisa anayenadi akaigeuzageuza. "Hii inaonyesha nini?"

Nikasimama. Nikaeleza kwamba ule kama moshi ni upepo wa gesi ya moto sana unaotoka kwenye galaksi. Macho hayauoni, eksirei inauona. Tunatafuta kinachousukuma: nyota zinazolipuka, au shimo jeusi la katikati?

Mzee akaiinua juu, akaita bei. Wa kwanza kujibu ni jogoo. 😩

Mara mkono ukanyooka nyuma.

Baba! Baba yangu aliyetaka nisomee mifugo, ambaye hajawahi kuniuliza nasoma nini. Akataja bei. Halafu, hakuna anayeshindana naye, akaipandisha mwenyewe!

Tulipofika nyumbani akachukua nyundo. "Upepo unaelekea wapi? Nisije nikaitundika kichwa chini."

"Unatoka pande zote mbili, Baba. Juu na chini."

"Basi hapa sikosei." Akagonga msumari.

Mungu, asante kwa wazazi hawa. 🙏🏾

Karibuni mwone mavuno yangu. Yako sebuleni.