Mama Ndani ya Shimo la Wapasuaji

Unga wa mbao mbichi una harufu chachu kidogo, na ukiuvuta puani asubuhi ya kiangazi, ukungu ukiwa bado umelala kwenye mabonde ya Lemera, unashinda nao siku nzima. Mimi nimekulia ndani ya harufu hiyo. Baba alikuwa mpasuaji wa mbao kwa msumeno wa watu wawili. Gogo hupandishwa juu ya jukwaa la miti, chini yake huchimbwa shimo. Mmoja husimama juu akifuata mstari uliopigwa kwa uzi uliopakwa makaa, na mwenzake huvuta kutoka shimoni huku unga ukimmwagikia usoni.

Mwaka huo upepo uliling'oa paa la nyumba yetu kule Nyamianda, tukapanda mlimani kujisitiri kwa nyanya, mama yake Baba. Nyumba yake ilikuwa ndogo nasi tulikuwa wengi, tukilala tumebanana hadi mtu hawezi kugeuka. Baba alitaka mbao za paa kabla ya mvua. Lakini hata wakati huo msitu ulikuwa umeanza kwisha, na miti yenye mbao nyekundu ilibaki miwili tu katika ardhi ya ukoo: mmoja umeangushwa na dhoruba, mwingine umesimama juu ya chemchemi. Nyanya alikataa katakata. "Ule wa kwenye maji usiuguse, minye ningali hai," alimwambia mwanawe. Basi tukabaki na gogo moja, na likiharibika hatuna jingine.

Mara baba mdogo, aliyekuwa akivuta msumeno chini, akatoroka kwenda kutafuta dhahabu. Lahaula! Gogo liko jukwaani, mawingu yanajikusanya upande wa ziwa, na Baba ameketi ameshika tama. Vijana wengine wenye nguvu walikuwa wamekwenda huko huko. Mama akaweka chini sufuria ya muhogo, akakaza kitenge kiunoni, akashuka shimoni.

Weee, maneno yalizuka! Kwa wapasuaji wa kule mwanamke hakukanyaga shimo. Walisema mbao zitapinda. Nyanya alikuja mbio, mikono kichwani. "Mama Neema, toka humo! Weye utatuharibia gogo!" Mama alimjibu kwa heshima, ila hakutoka. "Mama, zikipinda, nitalala inje na watoto wangu. Baba Neema, vuta."

Baba aliwatazama wote wawili, akashika mpini. Mwanzoni msumeno ulikwama kila mara, kwa sababu Mama alikuwa akiusukuma badala ya kuuvuta tu na kumwachia Baba aupandishe. Alipoelewa, ukaanza kwenda. Ubao wa kwanza ulipoachana na gogo, nyanya aliulaza chini, akachuchumaa, akafumba jicho moja na kuukagua kwa urefu wake wote. Nilibana pumzi. "Iko sawa," akasema, akaondoka. Nilidhani amekasirika. Kumbe alikwenda chemchemini. Alirudi na maji, akamwosha Mama macho yake mekundu taratibu. Mvua ilinyesha tukiwa chini ya paa letu, na nilimpenda nyanya kuanzia siku ile.

Siku hizi mashine inaangusha mti na kuupasua kabla chai haijapoa. Mbao za mikaratusi zinauzwa barabarani zikiwa bado mbichi, na zinapinda bila mwanamke yeyote kukanyaga shimo. Milima imebaki uchi, na kila masika tope linateremka hadi milangoni mwa watu. Namshukuru nyanya, marehemu sasa, kwa ukaidi wake, maana watu wa kule bado wanachota maji chini ya mti ule.

Na Mama yupo. Juzi nilimshika mikono, nikamwambia nilivyobeba shukrani ya siku ile miaka yote hii, machozi yakinitoka. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu.

"Unanishukuru ya nini, Neema? Minye nilikuwa nimechoka kulala kwa mama mukwe."