Chupa Moja ya Queen

Vumilia alikuwa na hasira tangu binti yake Queen alipoacha kusomea ufamasia. Si hasira ya kelele. Ile ya kukwama kooni kama mwiba wa samaki. Mtoto umemsomesha kwa kuogesha wazee wa watu hapa Laurel, Marekani, mpaka mgongo umekwisha, halafu anakuaga anakwenda Oregon, pwani ya ukungu na baridi, kukamua zabibu. Zabibu! Kanisani walipomuuliza, Vumilia alijibu kwamba binti yuko maabara. Na wao, bila kujua, waliendelea kumwita Mama Queen, na kila walipomwita jina lilimchoma.

Wiki ambayo jirani yake Edna alikuwa anamfanyia binti yake sendoff ya kumuaga kabla ya harusi, ikaja chupa kutoka Oregon. Ilikuwa waini ya kwanza aliyoitengeneza Queen mwenyewe, nyeupe lakini si angavu, maana huko waliilaza pamoja na maganda na machicha yake. Vumilia hakuionja. Aliitupia kwenye kapu la soda, akaenda nalo kwenye sendoff, ukumbini Bladensburg. Iishie huko huko.

Mezani ilijaa waini nyekundu, tamu, ile wanayoipenda wote. Edna akafungua ya Queen, akaonja, akakunja uso.

"Jamani, hii imechacha! Oneni machicha." Akaiongezea Sprite kwenye glasi yake, kama tunavyofanya waini ikiwa kali, akaonja tena. "Wapi! Hata Sprite imeshindwa. Kuna watu wana-disrespect shughuli za wenzao, walahi. Hii tuilowekee mishikaki."

Wanawake wakacheka. Edna akaiinamisha chupa juu ya beseni la nyama.

Vumilia hakujua alifikaje pale. Alijikuta ameikamata chupa pamoja na mkono wa Edna.

"Weka chini! Hiyo kaitengeneza mwanangu!"

"Queen? Mama Queen, si ulisema yuko maabara?"

"Nilisema uongo! Anakamua zabibu, mikono imekuwa migumu kama ya fundi mwashi, na ndiyo kazi yake. Hukumsomesha wewe. Kumsema nitamsema mimi!"

Akajimiminia, akanywa. Haikuwa tamu hata chembe. Ilikuwa nzito mdomoni, ina chumvichumvi, ikamkwaruza ulimi kama bibo la korosho. Akaimaliza glasi, akaanza kuwagawia wengine mwenyewe, kidogo kidogo.

"Nyweni. Na asiguse mtu Sprite."

Wakanywa kwa adabu. Edna akasema ni nzuri, na Vumilia akajua anadanganya, akazidi kukasirika. Meza ya pili haijafikiwa, chupa ikaisha.

Akatoka nje penye magari, akapiga namba ambayo hajaipiga tangu mtoto aondoke.

"Mama? Is everything okay?"

"Chupa moja, Queen?" akafoka, machozi yanamtiririka. "Ukumbi mzima huu wa watu, unaniletea chupa moja?"