Tawi Nililoliweka Kwenye Njia Panda

Uyoga ukianza kuuzwa sokoni Manika, mimi hubadilisha njia. Akina mama wakifunua mabeseni yao, ile harufu inapanda: udongo ulionyeshewa usiku kucha, majani yaliyooza chini ya miti, na ubaridi fulani wa porini usio na jina. Watu hunicheka, maana hapa Katanga kila mtu hula uyoga. "Mukatanga gani weye, haukulake uyoga?" Nawajibu kwamba unaniuma tumbo. Uongo mtupu! Naupenda kuliko nyama. Lakini ninyi mnaonisoma nitawaambia kweli, maana mama yangu, aliyekuwa shahidi wa pekee, nimeshamzika.

Tulikaa Kapata, kwenye kambi ya wafanyakazi wa kampuni. Nyumba zilipangwa mistari kwa mistari, zote sawa, hata walevi walikuwa wanaingia kwa jirani na kuvua viatu kabla ya kugundua kwamba mke si wao. Nyuma ya mstari wa mwisho pori lilianza, miti ya mipundu na misuku, na njia za miguu ziliingia humo kila upande, nyembamba kiasi kwamba tulitembea mmoja nyuma ya mwingine. Mama alizijua zote. Kila Jumamosi ya masika alitupeleka kutafuta uyoga, mimi na Kapinga, mtoto wa jirani, tukiwa na vikapu vyetu vidogo na miguu imelowa mpaka magotini.

Pori lilikuwa na sheria yake. Mkifika njia panda, aliyetangulia huvunja tawi lenye majani mabichi na kulilaza kwenye mdomo wa njia ambayo hakuifuata. Wa nyuma akiliona, anajua njia hiyo imefungwa, anashika nyingine. Majani yakikauka, neno limeisha. Kuruka tawi bichi ilikuwa utovu wa adabu, sawa na kumkatiza mkubwa akisema.

"Tawi halisemake uongo," mama alituambia. "Mutu njo anasemaka."

Na mimi nilikuwa mjanja wa kijinga. Siku moja niliweka tawi kwenye njia ya shule, nikarudi nyumbani kumwambia mama kwamba shule imefungwa. Aliliokota tawi lile lile, akanisindikiza nalo mpaka mlangoni kwa mwalimu. Kapinga alicheka wiki nzima.

Yeye hakuwa na ujanja. Alikuwa mwoga wa vyura, mwembamba, mwenye sauti kubwa isiyofanana na mwili wake. Alizaliwa Kapata, na mama yake alizaliwa Kapata. Babu yake ndiye aliyetoka Kasai, zamani, kufanya kazi ya kampuni. Kiluba cha kwao Kapinga alijua salamu na matusi mawili, na matusi alinifundisha. Kwa vingine vyote tulikuwa sawa: Kiswahili kimoja, bomba moja la maji, na chawa walewale.

Kisha kampuni ikaanza kufa. Mashine zilinyamaza moja baada ya nyingine, unga wa wafanyakazi ukakoma, na wakubwa wakaanza kusema kwenye mikutano kwamba njaa yetu imeletwa na watu wa Kasai. Majirani tuliowaamkia kila asubuhi wakaanza kuitwa bilulu, yaani wadudu. Vijana wenye fimbo walipita nyumba kwa nyumba wakiwaambia warudi kwao. Kapinga aliniuliza tukiwa bombani, "Numbi, kwetu njo wapi?" Nilimwonyesha mlango wao.

Walipewa siku chache za kuondoka. Treni zilikuwa zinawachukua kidogo kidogo, na maelfu walilala nje pale stesheni, ku gare kama tunavyosema, wakingoja. Shida ilikuwa kufika. Kwenye barabara kubwa vijana walikuwa wameweka vizuizi. Walipiga watu na kunyang'anya kila kitu. Mama akasema juu ya kina Kapinga, "Nitabapitisha mu pori." Tata, yaani baba yangu, alisema tu kwamba yeye atabaki kulinda nyumba.

Tulitoka alfajiri. Mama mbele, nyuma yake Tata Kazadi, baba yake Kapinga, akiwa na cherehani begani, kisha mkewe na mtoto mgongoni. Tatizo lilikuwa nkambo, bibi yake Kapinga, mwenye miguu iliyovimba kama mihogo. Kila hatua mbili alipumzika. Treni ilisemekana kuondoka mchana ule, na aliyechelewa hakupata pa kukanyaga. Nkambo mwenyewe ndiye aliyeamua.

"Mwende mukamate nafasi," alisema. "Mi nitakuya polepole na Kapinga. Mutuachie matawi."

Mama aliona ni sawa. Akishawafikisha wengine, angerudi kuwalaki. Mimi akaniweka mkiani mwa kundi letu. "Numbi, kazi yako ni njia panda. Zipo tatu. Usisahau hata moja, unasikia?"

Ya kwanza nilifunga vizuri. Ya pili pia.

Ya tatu ilikuwa karibu na kichuguu kikubwa. Njia ya kushoto ilikwenda stesheni. Ya kulia ilizunguka kijito, ikapita penye uyoga wetu, na kurudi Kapata nyuma kabisa ya nyumba zetu. Nilisimama pale na tawi la mupundu mkononi. Mama na wenzake walikuwa wameshapotelea kwenye majani. Nilikuwa na miaka tisa na hesabu yangu ilikamilika upesi: Kapinga akishika kulia, atafika kwetu. Treni itaondoka bila yeye. Tata atamfungulia, atalala kwenye mkeka wangu, nkambo atakaa jikoni na mama. Hata wazazi wake watarudi kumtafuta, na wote watabaki. Kweli, niliona nimewaokoa.

Nikalaza tawi kwenye njia ya kushoto, nikakimbia kuwafuata wakubwa.

Stesheni ilinuka moshi, mavi na mvua. Watu walikalia magunia, masufuria, milango waliyong'oa kwenye nyumba zao. Mama aliwaingiza Tata Kazadi na mkewe kwenye behewa, akaniacha karibu na dirisha lao, akarudi porini. Nilikaa pale nikinyonya kidole. Mama Kapinga aliendelea kuniuliza, "Utamuona weye wa kwanza, macho yako iko muzuri, anakuya?" Nilitikisa kichwa: bado. Mara treni ikashtuka. Watu walikuwa wamejazana mlangoni, hakuna aliyeweza kushuka, na askari walikuwa wanasukuma wengine ndani. Mama Kapinga alipiga ukelele ambao sikuwahi kusikia mtu akiupiga kabla ya siku ile. Tata Kazadi alitoa mkono dirishani akanishika nywele, kama mtu anayeshika chochote kilicho karibu, na treni ikanitoa mkononi mwake.

Mama alirudi jioni, peke yake; porini hakuwakuta. Alikuwa amepita penye kichuguu, kwa hiyo lazima aliliona tawi langu. Majani yalikuwa yamemganda kwenye kitambaa cha kichwa.

Hesabu yangu ilikuwa sahihi, jamani. Ndiyo inayoniua. Kapinga na nkambo walifika Kapata kama nilivyopanga. Nyumba yao ilikuwa imeshaingiwa na watu, kwa hiyo wakaja kwetu. Nkambo alipiga hodi, akaita jina la tata yangu, jirani yake wa miaka mingi. Tata alikuwa ndani. Vijana wenye fimbo walisimama barabarani wakiangalia nani atafungua, na tata hakufungua. Vijana wakawapeleka stesheni kwa miguu, kwa barabara kubwa. Nkambo hakufika. Alikaa chini kando ya njia, akafa pale pale.

Kesho yake mama alimpelekea Kapinga uji stesheni. Mimi nilikataa kwenda, nikasema tumbo linaniuma. Alimkuta ameketi na familia ya watu asiowajua, waliokubali kumpandisha treni nyingine. Mama alimwomba arudi naye nyumbani, akamshika mkono. Kapinga alikataa. "Tulipiga hodi, mama," alisema. Basi. Aliondoka baada ya siku nne. Hakuna barua iliyofika, hakuna mtu aliyemwona, na nimeuliza kila msafiri aliyetoka upande ule kwa zaidi ya miaka ishirini. Sijui kama alimpata mama yake. Sidhani.

Jioni ya siku ile ya uji, mama alirudi akaketi kuchambua sombe, yaani kisamvu. Alinieleza yote taratibu, macho yake kwenye majani. Tata alikuwa uani, akisikia. Mwishoni akasema kwamba pale kwenye kichuguu nkambo alitaka kupita kushoto. Alisikia treni ikilia upande ule. Alitaka kuruka tawi. Lakini Kapinga alimzuia.

"Alisema hivi," mama aliniambia, na hapo ndipo aliponitazama. "'Hapana, nkambo, njo tawi ya Numbi. Numbi hawezi kunidanganya.'"

Mnajua nilihisi nini? Nilifurahi. Nawaambia kweli, moyo wangu ulifurahi, kwa sababu Kapinga hakuwa amenikasirikia. Nililala usingizi mzuri usiku ule. Nilikuwa nimefika miaka kumi na mitano, nimekaa darasani, mwalimu anaandika ubaoni, maneno yale yalipoingia kichwani mwangu kwa mara ya kwanza na maana yake yote. Niliomba ruhusa kutoka nje. Mwalimu alidhani naumwa, akanipa ruhusa ya kwenda nyumbani, nami sikuwa na mahali pengine pa kwenda ila kwenye mlango ule ule ambao tata hakuufungua.